Mkono Ulioshona Kifungo

Jumamosi ya mwisho wa mwezi duka la vitambaa lilifurika hata mtu akitaka kupiga chafya ilibidi kwanza ajitafutie nafasi. Wauzaji walikuwa wakiita bei, mikasi ikipasua vitambaa juu ya kaunta, na majora yakipitishwa juu ya vichwa vya wanunuzi. Katikati ya msukumano huo dada mmoja mwembamba, aliyevaa sketi nyeusi iliyomkaa sawasawa na tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, alishika ncha ya kitambaa cha kijani cha chupa, akavuta. Kitambaa hakikuja. Akavuta tena. Upande wa pili wa meza kulikuwa na mkono wa kiume wenye madoa ya rangi nyeupe na nyekundu, nao umeking'ang'ania.

"Kaka, achia."

"Nimekishika mimi kwanza, dada."

"Na mimi nimekiona kwanza."

"Basi endelea kukiona. Mimi nitaendelea kukishika."

Watu wakacheka. Muuzaji akasema zimebaki mita tatu na nusu tu, na kama hawapatani atamuuzia mtu wa tatu ambaye hana maneno mengi.

Yule dada, katika mtaa wa mafundi, waliwahi kumwona akifumua mikono yote miwili ya gauni la bibi harusi kwa sababu ya milimita nne ambazo hata bibi harusi mwenyewe hakuziona. Tangu siku hiyo jina lake likawa Milimita. Hakuwa mtu wa kuachia kitu. Alimtazama yule kijana juu hadi chini: shati jeupe la mikono mirefu lililokunjwa hadi kwenye viwiko, suruali ya jinzi yenye madoa ya kila rangi, uso wa mtu anayejua kuwa anapendeza na anaona haya kidogo kwa hilo.

"Unakitakia nini?"

"Gauni la dada yangu. Anamaliza chuo."

"Utashona mwenyewe?"

Kijana akasita kidogo. "Mimi? Mimi hata sindano sijui inashikwa upande gani. Mimi mchora vibao vya maduka. Wananiita Rangi." Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. "Ila kuchora nachora."

Milimita akaikunjua akiwa amejiandaa kucheka, lakini kicheko hakikutoka. Gauni lililokuwa pale lilikuwa na mabega yaliyotulia, kiuno kilichokaa mahali pake, na sketi iliyotoka pembeni kama inataka kutembea yenyewe. Miaka tisa alikuwa anashona mawazo ya watu, na hakuwahi kukutana na wazo lililomtia kiwewe namna ile. Hapo hapo akaona wivu, hata kabla ya kuona mapenzi.

"Zuri," alisema kwa shida. "Ila mvaaji ataingilia wapi? Hujaweka zipu."

"Kumbe!" Rangi akajipiga kipaji cha uso. "Unaona sasa? Nahitaji fundi."

Milimita akakifinya kitambaa kwenye ngumi, akakiachia, akatazama mikunjo inavyopotea taratibu. Akakivuta mshazari. "Pamba, ila imechanganywa. Kikifuliwa kinapungua. Ukikata bila kukiloweka kwanza, dada yako atavaa mara moja tu."

"Basi nunua wewe, shona wewe, mimi nitachora," Rangi alisema. "Na namba yako ya simu nitaihitaji, kwa ajili ya zipu."

Kwa hiyo waliondoka dukani na kitambaa kimoja, na gauni la dada mtu lilipokamilika, wale wawili walikuwa hawahitaji tena kisingizio cha zipu.

*

Chumba cha kushonea cha Milimita kilikuwa ghorofa ya pili, mlango wa sita. Kilikuwa cha shangazi yake, aliyemfundisha kazi na kustaafu macho yalipoanza kumsumbua. Ndani mlikuwa na cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, sanamu ya kuvalishia nguo isiyo na kichwa, na dirisha lililoingiza jua hadi saa tisa. Rangi akahamishia penseli zake pembeni ya meza. Yeye alichora, Milimita akakata na kushona, na wateja wakaanza kupanda ngazi wakiuliza wale wawili wako mlango gani.

Kila asubuhi simu ililia kabla Milimita hajafungua mlango.

"Laazizi, umeamkaje?"

"Nimeamka na kazi. Uko wapi?"

"Niko juu ya ngazi, nachora kibao cha mwuza viatu. Nimekosea herufi kwa kukuwaza."

"Usinisingizie. Herufi unakosea kila siku."

"Na kila siku nakuwaza."

Milimita akakata simu akiwa anatabasamu, halafu akaanza kujiuliza mwuza viatu huyo ni mwanamume au mwanamke. Ndivyo alivyokuwa. Mapenzi yake yalipimwa kama vitambaa vyake, na kila mara alihisi kuna sehemu imepungua. Mteja akimsifu Rangi, alichomwa mara mbili: kwa sababu mwanamke anamsifu mpenzi wake, na kwa sababu anamsifia kipaji ambacho yeye hana.

Kisha likatoka tangazo. Kampuni kubwa ya mavazi ilikuwa inatafuta mbunifu, nafasi moja. Rangi alilisoma kwa sauti huku ameketi juu ya meza ya kukatia, jambo ambalo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kulifanya.

"Awe na jicho la rangi na la mtindo. Unalo. Ajue vitambaa."

"Hata nikifumba macho."

"Ajue kukata na kushona kwa ustadi. Hapo waje wao wajifunze kwako. Ajue kumsikiliza mteja..."

"Hapo kidogo," Milimita alikiri.

"Hapo kidogo sana. Ajue kueleza wazo lake mbele za watu. Awe mbunifu. Ajue kuchora."

Milimita akaweka mkasi chini. "Ndiyo basi tena. Mimi nikichora mtu, anatoka kiazi."

"Nitakufundisha."

"Kwa nini usiombe wewe?"

Rangi akashuka mezani, akaanza kukusanya penseli ambazo hazikuwa zimetawanyika. "Wanataka mtu anayejua kushona, mpenzi. Mimi huko nitakwenda kuonyesha nini? Nafasi hiyo ni yako."

Basi akamfundisha. Mwili wa mchoro wa mitindo ni vichwa tisa kwenda juu, sio saba kama wa mtu wa kawaida; bega likipanda nyonga inashuka; kitambaa kizito huchorwa kwa mistari michache. Milimita akachafua karatasi mia, akalia mara mbili, akachana michoro kumi na moja. Mwezi wa pili viazi vikaanza kupata shingo. Mwezi wa tatu akachora gauni la jioni lenye bega moja, wazo lake mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, na Rangi akalisogeza penye mwanga wa dirisha, akalitazama.

"Vipi? Baya?"

"Hapana," alisema. "Ningependa ningeliwaza mimi."

Hilo lilimfurahisha Milimita kuliko maneno yote ya mapenzi aliyowahi kuambiwa. Akakata kitambaa cha gauni lile wiki hiyo hiyo. Alikuwa ameshaomba na kuitwa, na usaili ulikuwa umebakiza siku nane.

*

Jumanne Rangi aliingia akihema kwa ngazi, akamkumbatia kama kawaida. Shavu la Milimita likatua kifuani, na macho yake yakatua kwenye kifungo cha pili kutoka juu. Akaganda hapo.

Vifungo vyote vya shati lile alivishona yeye. Aliufahamu mshono wake kama mtu anavyofahamu mwandiko wake mwenyewe: nyuzi zinapishana katikati, na uzi unazungushwa shingoni mwa kifungo mara nne kuelekea kulia. Hiki kilikuwa na nyuzi mbili zilizolala sambamba, uzi wa krimu ambao hakuwa nao chumbani kwake, na shingoni ulizungushwa kuelekea kushoto. Na si kwamba kilishonwa ovyo. Kilishonwa vizuri mno, bila haraka, na fundo lilifichwa. Ilikuwa kazi ya mtu anayeshona kwa mkono wa kushoto, na aliyempa kifungo hicho muda wake.

"Nani amekushonea kifungo hiki?"

Rangi akatazama chini. "Kipi?"

"Rangi, usinifanye mtoto. Hiki."

"Aa, hicho. Kilidondoka asubuhi. Kika... kikashonwa."

"Kikashonwa. Kimejishona?"

"Mbona unakuza mambo, mpenzi? Kifungo tu."

"Kwako ni kifungo. Nimeuliza nani."

Jasho likamtoka Rangi kwenye pua. Akasema amechelewa, kuna kibao kinakauka vibaya. Akashuka ngazi mbili mbili. Milimita akabaki amesimama, damu inamchemka hadi masikioni.

Alimpigia shangazi, na hapo alifanya kosa, maana shangazi hakuwa mtu wa kuzima moto.

"Mkono wa kushoto?" shangazi aliuliza. "Una hakika?"

"Shangazi, mimi?"

"Basi mwanamke yupo. Tena fundi. Leo kifungo, kesho suruali nzima. Angalia hapo hapo karibu nawe, mwanangu. Wanaume wavivu, hawaendi mbali."

Hapo karibu, mlango wa nne, alikuwapo Dada Mapazia, mshona mapazia mwenye kicheko kinachosikika hadi mtaani na vipuli vikubwa vya shaba. Rangi alimchorea kibao cha mlangoni mwezi uliopita. Milimita akachukua blauzi yake nzima, akaikata kifungo kimoja kwa mkasi, akavuka ukumbi.

"Jirani, nishonee hiki. Vidole vinaniuma."

Dada Mapazia akamtazama kama aliyeombwa na samaki amfundishe kuogelea. "Wewe? Nikushonee kifungo mimi? Hebu nikae chini kwanza." Akacheka, akatia uzi kwenye sindano, na sindano ikaingia mkono wa kushoto.

Milimita akasimama pale akiangalia uzi unavyozungushwa. Kushoto. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Akatoa shukrani kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua, akarudi chumbani kwake na kufunga mlango.

Simu ya Rangi ilipoingia mchana, aliipokea mara ya kwanza tu.

"Mpenzi, kuhusu asubuhi..."

"Mwambie aliyekushonea kifungo akushonee na maisha. Penseli zako nimeziweka nje ya mlango."

"Nani? Hebu nisikilize, hakuna..."

"Anashona kwa mkono wa kushoto, Rangi. Nimemwona kwa macho yangu."

Rangi akasema taratibu, "Umemwona nani?" na Milimita akasikia hofu kwenye sauti yake, akaichukua kuwa ndiyo ushahidi wa mwisho. Akakata. Simu zilizofuata, na zilikuwa nyingi, ziliishia kulia juu ya meza ya kukatia hadi zikachoka. Siku mbili mfululizo Rangi aligonga mlango, na siku mbili mfululizo akajibiwa na cherehani.

Alijikaza. Alifanya kazi macho yamevimba, alikata bitana, akaweka zipu, akapiga pasi. Akijikumbusha usaili, anakumbuka kifungo. Akishika sindano, anaona vipuli vya shaba. Kwa wiki nzima hakumpa jirani yake hata salamu, na Dada Mapazia, ambaye hakuwa na hili wala lile, alidhani vidole bado vinauma.

*

Asubuhi ya usaili walikuwa wasailiwa tisa katika ukumbi mrefu wenye mabenchi, kila mmoja na mfuko wa nguo mapajani. Milimita alivaa suti ya kijivu aliyoishona mwenyewe, ukosi umesimama wima. Alikuwa wa saba. Wa tano alipoingia, Milimita alifungua mfuko wake ili alikague gauni mara ya mwisho.

Pindo lilikuwa na bandi tu. Ile mishono mirefu ya muda, ya uzi mweupe, inayoshikilia kitambaa kabla hakijashonwa kweli, ilikuwa imezunguka gauni zima, inaonekana toka mbali. Alipanga kulishona Alhamisi. Alhamisi alilia. Yeye, Milimita, aliyefumua mikono ya bibi harusi, alikuja mbele ya wakubwa na gauni la bandi.

Akapapasa mkoba. Sindano ipo, uzi wa rangi ile hakuubeba.

"Nimekuletea daftari la michoro. Ulilisahau kwa shangazi."

Rangi alikuwa amesimama mbele yake, amekonda kidogo, shati limepigwa pasi vibaya.

"Weka hapo uende."

"Shangazi ndiye aliyenituma. Amenitukana kwanza, kisha akanituma." Macho yake yakashuka kwenye pindo. "Hujalimaliza."

"Hayakuhusu. Kamtazame Dada Mapazia wako na mapindo yake."

"Dada Mapazia?" Rangi alitoa macho. "Yule wa mlango wa nne? Ndiye unayesema umemwona?"

Mlango ukafunguliwa. "Namba saba. Kwanza ni jaribio la kukata. Nguo iache nje, utaitwa nayo baadaye."

"Wa sita?"

"Hakuja."

Milimita akasimama. Hakuwa na la kufanya. Akaliacha gauni kwenye benchi, akampa Rangi kisogo, akaingia.

Alikata kwa dakika arobaini mbele ya watu watatu. Mkono wake ulikuwa na akili zake wenyewe. Alipotoka, ukumbi ulikuwa kimya, na alichokiona kilimfanya asimame mlangoni.

Rangi alikuwa ameketi kwenye benchi, gauni limetandazwa magotini juu ya kitambaa safi, mabandi meupe yamekusanywa pembeni. Sindano ilikuwa inaingia na kutoka, inaokota uzi mmoja mmoja wa kitambaa, haraka, bila kutafuta njia. Ilikuwa katika mkono wake wa kushoto.

Milimita akasogea, akainama, akaushika upindo. Upande wa juu mshono haukuonekana kabisa. Akageuza. Vishono vidogo, sawasawa, vinaelekea kushoto. Mshono ule aliujua. Alikuwa ameuchukia kwa wiki nzima.

"Wewe," alisema.

"Mimi."

"Kifungo."

"Mimi. Kilidondoka nyumbani, nikakishona, nikatoka."

"Unachora kwa mkono wa kulia!"

"Shuleni walinichapa hadi nikahama mkono wa kuandikia. Sindano nilifundishwa na mama, naye anashona kwa kushoto, hakuna aliyenichapa." Hakuinua macho. "Nimeshona tangu nina miaka kumi. Uzi huu nimekimbilia hapo chini, wana duka."

"Hujui hata sindano inashikwa upande gani, ulisema."

"Nilisema."

"Dukani. Siku ya kwanza. Na zipu je?"

"Zipu niliiona haipo ulipoikunjua tu ile karatasi. Ningeweza kuiweka. Lakini ulikuwa umenikasirikia vizuri sana, nikataka sababu ya kukuona tena. Kisha miezi ikapita, uongo ukakua, nikashindwa pa kuanzia. Ungeniuliza, umenichezea tangu lini? Ningejibu nini?"

Milimita akaketi. Kicheko na kilio vilimjia pamoja, akavizuia vyote. Mwanamke mwingine hakuwapo. Alitakiwa kufurahi. Badala yake wivu ule ule, uliokuwa umekosa mtu wa kumshika, ukageuka na kumshika Rangi mwenyewe. Anachora. Anajua rangi. Anashona, tena anashona hivi. Miezi minane alikuwa akijiona kuwa ndiye mikono ya mtu huyu, kumbe mikono alikuwa nayo.

"Kwa hiyo hukunihitaji," alisema polepole.

"Kushona, hapana." Rangi akakata uzi kwa meno. "Wewe, ndiyo."

"Na kazi hii uliitaka."

Rangi akachomeka sindano kwenye ukosi wa shati lake. "Niliitaka," alisema. "Lakini ningeomba, uongo ungejulikana. Na wewe uliitaka zaidi."

"Namba saba na nguo yake!"

*

Mkuu wa wasaili alikuwa mama mmoja mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa mnyororo. Alilizunguka gauni mara mbili. Alimwuliza Milimita wazo lilitoka wapi, na Milimita akaeleza, mwanzoni kwa kukatakata, halafu kwa ufasaha: alitaka gauni ambalo mwanamke aliyefanya kazi kutwa anaweza kulivaa bila msaada wa mtu. Mama akatikisa kichwa kukubali. Kisha akainama, akageuza upindo, akasogeza miwani.

"Aa," alisema. "Hii kazi. Mkono wako huu?"

Lilikuwa neno moja tu. Ndiyo. Nje kulikuwa na mtu ambaye angemsaidia kulisema, ambaye asingemsuta mpaka anazikwa.

"Pindo si langu, mama. Nilivurugikiwa wiki hii, nikaja na bandi. Aliyelishona yuko hapo nje."

"Naye ameomba?"

"Hakuomba."

Wasaili wakatazamana. "Tungemwita tumwone?" mmoja akauliza, nusu kwa utani.

"Mtamwita siku yake," Milimita alisema kabla hajajizuia. "Leo ni yangu. Gauni nimeliwaza mimi, nimelichora mimi, nimelikata mimi. Yeye ana pindo tu."

Mama akacheka hadi mnyororo wa miwani ukatikisika. Halafu akafumua pindo urefu wa kiganja, akampa sindano. "Basi shona kipande hiki, nione."

Milimita akashona. Mama akaweka kidole penye kipande kile, kisha penye cha Rangi, kisha akarudi.

"Wako mzuri. Wa kwake mzuri zaidi. Unauona?"

Hakuna neno lililowahi kumchoma namna hiyo. Aliuma mdomo, akatazama, akatazama tena kwa haki.

"Nauona, mama."

"Hilo nalo ni uwezo," mama alisema, akaandika kitu kwenye karatasi yake. "Wengi hawauoni."

*

Ijumaa iliyofuata, saa nane mchana, jua likiwa bado mezani, simu ililia. Milimita alisikiliza, akasema ndiyo mara tano, akasema asante mara tatu, akakata, akaketi sakafuni kati ya vipande vya kitambaa. Rangi aliacha cherehani ya pili, ambayo sasa aliitumia wazi mbele ya macho yake.

"Wamekukataa?"

"Wamenichukua. Miezi mitatu ya majaribio. Wanatuma fomu kwa simu, dada wa duka la chini atanichapia."

Rangi akapiga vigelegele kama mwanamke, akamwinua, akamzungusha hadi pini zikamwagika. Milimita akamtazama usoni. Alikuwa anacheka kweli, ila pembeni mwa mdomo kulikuwa na kitu kingine, kidogo, ambacho yeye alikifahamu kuliko mtu yeyote duniani.

"Una wivu," alisema.

"Mimi? Sina."

"Rangi. Usianze tena uongo."

Akamweka chini. "Ninao. Kidogo. Haunizuii kufurahi, ila upo."

"Asante Mungu," Milimita alisema, akamkumbatia kwa nguvu. "Nilidhani naumwa peke yangu."

Alikwenda mlango wa nne kwanza. Alimweleza Dada Mapazia kisa chote bila kujificha, na Dada Mapazia alicheka hadi akashika ukuta, akasema wanaume wa kwake mwenyewe wamemshinda, wa nini tena kuongeza wa jirani. Kisha Milimita akashuka kuchukua fomu, akapanda nayo, akaijaza juu ya meza ya kukatia kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka. Alipofika ukurasa wa pili alikaa akiuma kalamu. Akaandika, akamsogezea Rangi.

"Nisomee. Nisije nikakosea, ni fomu ya siku ya kwanza kazini."

Rangi akasoma jina, umri, uzoefu. Akafika palipoulizwa mtu wa karibu wa kuarifiwa. Palikuwa na namba yake ya simu. Mbele yake, penye uhusiano, paliandikwa: mume.

Nje mtu alikuwa akiuliza bei ya mapazia.

"Hapa kuna kosa," Rangi alisema.

"Wapi?"

"Hapa. Mimi si mume wako."

"Basi rekebisha," Milimita alisema, akampa kalamu, moyo unamwenda mbio hata akaona haya.

Rangi akaipokea kalamu. Akaifunga kifuniko chake, akairudisha mezani, na akaikunja ile fomu kwa uangalifu.

"Karatasi iache ilivyo," alisema. "Twende kwa shangazi, tukarekebishe huko."